Gitare ya Lambert Jikoni

Tangu niolewe sikuwa na ubao wa kukatia mboga. Kwetu mwanamuke anakata mukononi, kisu kinakuja mpaka karibu na kidole gumba, kinasimama. Njo maana jirani yangu Mama Madeleine alipoona ule ubao mwekundu jikoni kwangu, wenye tumbo la mviringo, kiuno chembamba na shingo fupi ya kushikia, alicheka mpaka akashika ukuta.

"Mama Philomène, weye iko unapika ao unapiga muziki?"

"Ninapika."

"Basi nipigie rumba ya mboga ya sombe, nicheze kidogo!"

Nilicheka naye. Sikumwambia ule ubao ulikuwa kitu gani mbele ya kuwa ubao. Aliyejua ni Ruffin seremala peke yake, maana ndiye aliyeukata.

Ilikuwa gitare ya mume wangu Lambert.

Aliitengeneza kwa mikono yake, mwaka tulipomuzaa binti yetu Cathy. Alikuwa mufanyakazi wa reli hapa Shituru, mu muji wa Likasi, na kule atelie, karakana yao, alipata kipande kimoja cha mulombwa, ule muti mwekundu, mugumu kama mufupa. Haikuwa gitare ya tumbo wazi. Ilikuwa ya umeme, mbao moja nzima, nyuzi na vyuma upande wa mbele, nyuma laini kama shavu. Zamani aliipiga mu mabaa. Kisha Mungu akamuita, na kutoka siku ile aliipiga mu korali ya kanisa tu, miaka zaidi ya makumi mbili. Nyumbani ilikaa kwenye musumari juu ya kitanda. Nikifungua macho, naona gitare mbele ya kuona jua.

Lambert alikufa mwezi wa sita, kwa ugonjwa wa kifua.

Siku ya kumuzika, sanduku likiwa limekwisha kupigwa misumari, ndugu yake mudogo Kabongo alinifuata mbele ya watu wote. Kabongo naye anapiga muziki, lakini yeye hakutoka mu mabaa hata siku moja.

"Mama Cathy, gitare ya yaya wangu Lambert iko wapi? Kilio kikiisha ninaibeba. Ile ni kitu ya familia."

Niliona ile gitare katikati ya chupa za bia. Niliona wanawake wa pale wakiipangusa na vitambaa vyao. Kinywa changu kikajibu chenyewe: "Iko naye. Nimeilaza pembeni yake, chini ya shuka."

Kabongo aliangalia sanduku, akaniangalia minye, akarudi kwa wanaume wenzake. Nani atafungua sanduku la marehemu kwa sababu ya gitare? Na ile saa gitare ilikuwa jikoni, mu gunia la makala ya kupikia.

Uongo wangu ungeishia pale, lakini sisi ni watu wa Kasai, na mu familia ya Lambert marehemu haendi bila kuambiwa. Shangazi yake, Tantine Germaine, mwanamuke wa miaka makumi munane na meno mane, alisimama upande wa kichwa cha kaburi akamuhesabia vyote alivyopewa, ili asirudi kudai.

"Lambert, umepewa suti yako ya buluu. Umepewa viatu. Umepewa kitabu chako cha nyimbo. Gitare yako iko pembeni yako. Hauna kitu tena huku juu. Usirudi kutafuta."

Na watu wote wakajibu: "Usirudi!"

Minye pia nilijibu. Njo hivi tulivyomudanganya marehemu, Tantine bila kujua, minye nikijua.

Kilio kilipoisha niliogopa Kabongo ataiona. Niliifunga mu kitenge nikaipeleka kwa Ruffin, kule Kikula. Nilimwambia atoe nyuzi na vyuma vyote, akate shingo ibaki ya kushikia, apige randa. Alifanya kazi bila kuuliza. Mwisho aliifuta vumbi na kiganja, akasema: "Mama, nimetengeneza mbao nyingi. Hii, nikiigonga, inajibu."

"Inajibu namna gani?"

"Sijue. Beba tu."

Nikabeba. Mwanaume gani wa familia ataingia jikoni kwangu kukagua ubao wa mboga? Nilikata juu yake matembele, vitunguu, nyama ya Siku Kuu. Sikuona haya. Nilisema ndani ya moyo: Mungu anajua nimeiokoa na pombe.

Miezi mitatu ikapita. Mwezi wa tisa, joto likiwa limeanza na mvua bado, niliingia chumbani saa ine ya asubuhi nikakuta kabati wazi. Mashati ya Lambert, ambayo niliyaacha kwenye vining'inizo, yalikuwa kitandani, yamekunjwa. Mikono nyuma, kola juu. Mu hii nyumba ni muntu mumoja tu aliyekunja mashati vile.

Nilifikiri ni mujukuu wangu Elikia. Ana miaka sita, ninakaa naye kwa sababu mama yake Cathy anafanya biashara Kakanda. Nilimuuliza. Akatikisa kichwa.

Kesho yake kitanda kilikuwa kimesogezwa mbali na ukuta. Siku iliyofuata sanduku la nguo lilikuwa wazi na kila kitu kimepangwa pembeni, hakuna kilichoibiwa. Mwizi hapangi. Nilisimama pale nikaangalia njia yake: musumari, kabati, kitanda, sanduku. Njo vile Lambert alikuwa anatafuta kitu akiwa muzima, anaanza juu anashuka chini, bila haraka, bila kuita muntu.

Nikajua ni yeye, na nikajua anatafuta nini.

Nitasema ukweli, maana sasa niko mu ukweli. Niliogopa, lakini sikuogopa sana. Kila asubuhi nilikaa jikoni, ambayo kwetu iko nje, hatua kumi toka nyumba, nikamusikia ndani. Mulango wa kabati. Kiti. Kikohozi chake kidogo. Nikianza kukata matembele juu ya ule ubao, to-to-to, kule ndani kunanyamaza, kama muntu aliyesimama na kugeuza kichwa kusikiliza. Nikiacha kukata, anaanza tena kutafuta. Basi nilikuwa nakata. Nilikata matembele ya watu kumi, na nyumbani tuko wawili. Mama Madeleine aliniuliza kama nimefungua restora.

Gitare ilikuwa chini ya kisu changu, naye hakuijua. Na minye sikumwambia. Nilijua siku ataipata, hatarudi tena. Njo zambi yangu ya pili, na ni kubwa kupita ile ya kwanza.

Siku ya kumi na mbili, ilikuwa Siku ya Pili ya juma, Jumanne, nilimukuta Elikia amelala kifudifudi chini ya kitanda, miguu tu iko nje.

"Unatafuta nini pale?"

"Gitare."

"Gitare ya nani?"

"Ya nkambo Lambert. Njo tunatafuta."

Nilimuvuta kwa miguu. Miguu ilikuwa baridi, na nje jua lilikuwa linachoma.

"Weye na nani munatafuta?"

"Na nkambo. Yeye kifua kinamuuma, hawezi kuinama. Aliniambia: weye angalia chini, minye niangalie juu." Alisema vile kama mutoto anayeeleza mchezo. "Lakini haiko. Tumemaliza nyumba yote."

"Basi muache kutafuta."

"Hapana, bado pahali pamoja. Kule anapolala. Walimuambia gitare iko naye kule. Amepapasa, amepapasa, haione. Kule giza. Anasema labda iliteleza kwenye miguu, na yeye hawezi kugeuka, ni padogo. Ijumaa atakuja kunibeba. Minye ni mudogo, nitapita."

Nilishika mikono yake. Kwenye kucha kulikuwa udongo mwekundu. Kiwanja chetu hapa Shituru ni udongo mweusi, moshi wa usine, kile kiwanda cha shaba, umeupika miaka na miaka. Nilimuosha kwa sabuni mara mbili. Sikumuuliza alichezea wapi, niliogopa atajibu.

Kuanzia pale niliacha kuwa muke anayemungoja mume wake. Nilikuwa nkambo, bibi wa mutoto, na kulikuwa kumebaki siku tatu.

Kwanza nilitaka njia nyepesi. Nilibeba ubao, nikaupiga maji na majivu, nikafunga kamba kwenye shingo, nikautundika kwenye ule musumari juu ya kitanda. Nikasema mu moyo, ataona, atabeba, itaisha. Nikamubeba Elikia, tukaenda kukaa kwa Mama Madeleine mpaka saa tisa.

Tuliporudi, ubao haukuwa kwenye musumari. Ulikuwa jikoni, umelazwa vizuri juu ya sufuria, kisu pembeni yake, kamba imekunjwa. Aliurudisha. Aliona ni kitu cha mwanamuke kilichokosea njia.

Nilikaa chini kwenye makala.

Kesho asubuhi nilienda kwa Pasta Eugène. Ni muntu mwema, anajua maombi. Nilimueleza yote, hata gunia la makala.

"Mama Philomène, tubu mbele ya Mungu na mbele ya kanisa. Na mutoto tutamuombea. Lakini na Lambert hauna la kusema. Wafu na wazima hawana mazungumzo. Sema na Mungu tu."

"Pasta, Mungu hatukumudanganya. Yeye aliona gunia. Tuliyemudanganya ni Lambert."

"Ukienda kusema kaburini, nitalazimika kukuweka pembeni ya meza ya Bwana. Unajua sheria yetu."

"Ninajua. Minye ndiye niliyekuwa nasafisha vikombe."

Alinishika kichwa akaniombea. Nilisema amina kwa moyo wote. Kisha nikaenda moja kwa moja kwa Tantine Germaine.

Nilimukuta kwenye mulango wake anatoa magamba ya samaki kavu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisu mukononi.

"Ah, weye!" akasema. "Minye na meno yangu mane, umenifanya mwongo mbele ya marehemu! Watu wote wa kule wananicheka sasa. Wanasema: angalia Germaine, anakuja karibuni, na kinywa chake kinanuka."

"Tantine, nisamehe. Njoo umwambie ukweli."

"Minye? Minye nikimwambia tena, ataamini nini? La kwanza ama la pili?" Alifikiri. "Ulikata nini juu yake?"

"Matembele. Nyama. Vitunguu."

"Vitunguu! Angeijua namna gani, masikini? Inanuka kama soko." Akacheka, kisha uso ukafunga. "Sikiliza. Utasema weye mwenyewe, kwa sauti. Na Kabongo awepo. Gitare ilikuwa yake, kwa desturi. Weye ulimunyima. Kama Kabongo haiachi kwa kinywa chake, Lambert atapewa kitu cha muntu mwengine, na hatakipokea."

"Kabongo atakataa."

"Basi omba Mungu wako na miungu ya Kabongo pia."

Siku ya Ine, Alhamisi, tulienda makaburini, saa tano, jua juu ya kichwa. Tantine kwenye kiti cha pikipiki na kivuli chake cha mwavuli, Kabongo kwa mguu na jembe begani, maana Tantine alimuambia tu alete jembe. Elikia nilimuacha kwa Mama Madeleine, mulango umefungwa.

Nilifungua kitenge. Kabongo aliangalia ule ubao bila kuelewa. Niliugeuza upande wa mbele, ambapo Ruffin alijaza matundu ya vyuma na mbao nyeupe. Hapo akaelewa.

"Ile njo gitare ya yaya?"

"Njo yenyewe."

"Unaikatia matembele? Weye mwanamuke! Gitare iliyochezesha Likasi nzima, unaikatia matembele?"

"Weye ungeiogesha bia."

"Bia inafurahisha! Kisu kinafurahisha nani?"

"Nyamazeni," Tantine akasema kutoka chini ya mwavuli. "Anasikia, na mpaka sasa hajasikia kitu cha maana."

Nilimueleza Kabongo habari ya mutoto. Alinisikiliza akiwa amegeuza uso. "Unatunga," akasema. "Ulinidanganya siku ya sanduku, na leo unanidanganya ili nisidai. Ninabeba mbao yangu. Ruffin atairudishia shingo."

Akanyosha mukono. Sikumupa. Tulivutana pale, minye kwenye tumbo la gitare, yeye kwenye shingo, kama watoto wanaogombania muwa. Nilirudi nyuma kukaza, kisigino changu kikazama mpaka kwenye kifundo.

Tukaangalia chini wote wawili. Upande wa miguu ya kaburi kulikuwa kashimo. Kalikuwa kembamba, kanashuka kwa mushazari kuelekea sanduku, na kwenye ukingo udongo mwekundu ulikuwa na alama za vidole. Vidole vya mutoto, vinne vinne, vimekwaruza kwa subira. Kutoka Shituru mpaka pale ni mwendo wa saa nzima kwa muntu mukubwa.

Kabongo aliinama, akaweka mukono wake karibu na zile alama, akapima. Akaachia shingo ya gitare.

"Yaya," akasema, na sauti yake ilikuwa ya kijana. "Minye Kabongo. Gitare ninaiacha. Sidai. Kamata."

Tantine akanipa ishara na kidevu.

Sikujua kusema na wafu, kanisa langu halikunifundisha. Nilisema kama vile nilikuwa namuambia asubuhi akifunga viatu. "Lambert, tulikuambia gitare iko na weye. Haikuwa kweli. Niliificha minye, Philomène. Kisha niliikata, nikaifanya ubao, njo maana haukuijua. Hii hapa. Shingo imekatwa, nyuzi haziko, inanuka vitunguu, lakini ni ile yako. Na kitu kingine. Nilijua unatafuta. Nilikuwa nakusikia, nikanyamaza, sababu nilitaka ukuje tena. Makosa ni yangu, mutoto hana. Umepewa sasa. Usirudi."

"Usirudi," akasema Tantine.

"Usirudi," akasema Kabongo.

Kabongo hakuhitaji kuchimba sana. Tulipanua kidogo mudomo wa kashimo, tukasukuma ubao ndani. Uliteleza wenyewe mpaka mwisho, kwa urahisi, kama unapokelewa. Kabongo akafukia haraka. Hakuna aliyegeuka nyuma tulipotoka.

Nilifikiri imekwisha. Lakini Ijumaa Elikia aliamka minye bado nimelala. Aliosha uso peke yake, akavaa rinda lake la Noeli, akakaa kwenye kizingiti cha mulango.

"Unafanya nini, mama?" nikamuuliza.

"Ninamungoja nkambo."

"Hatakuja. Amepata gitare."

"Alisema Ijumaa."

Nilikaa nyuma yake, nikamuzungushia mikono yangu miwili kiunoni. Sikuwasha moto, sikuchemsha chai. Mikono yake ilikuwa baridi kama maji ya kisima. Saa tatu. Saa ine. Mama Madeleine alipita na beseni lake, akatuona, akafungua kinywa kutania, akakifunga.

Saa sita kamili kelele zote zilikatika, hata ngurumo ya usine. Mulango wa kiwanja ulilia. Hakuna aliyeonekana. Hatua zilikuja polepole, muntu wa kifua anayepumzika katikati, na mwili wa Elikia ukasimama ndani ya mikono yangu. Alikuwa mutoto mwembamba, lakini ile saa nguvu yake ilikuwa ya mwanaume. Nilikaza mpaka mabega yangu yakalia.

Hatua zikafika mbele yetu. Nilisikia harufu ya mafuta ya nywele zake. Moyo wangu ulikuwa unataka kusema, ingia, kaa, chakula bado. Mungu anajua ulivyotaka.

"Lambert," nikasema. "Umepewa gitare. Mutoto haukupewa."

Alisimama muda wa muntu anayefikiri. Kisha kitu kilipita juu ya kichwa changu, chepesi, pale kwenye kitambaa, kama kiganja kinachopima kama kitambaa ni kipya. Hatua zikarudi kwenye mulango wa kiwanja. Hazikufika barabarani. Ziliisha katikati.

Ngurumo ya usine ikarudi. Elikia alilegea, akaanza kulia, akanipiga kifuani na ngumi zote mbili, na ngumi zilikuwa za moto.

"Umemufukuza!"

"Ndiyo."

"Alikuwa peke yake! Weye haukumupenda?"

"Nilimupenda."

Alilia mpaka akalala pale pale kwenye jua. Nilimuhamishia kivulini, nikashika miguu yake, moja moja, mpaka nikaamini.

Siku ya Mungu, Jumapili, nilisimama mbele ya kanisa nikasema yote. Pasta Eugène alifanya alivyoahidi: miezi sita bila meza ya Bwana. Sikumuchukia. Nilirudi mpaka benchi ya mwisho, pale wanapokaa waliowekwa pembeni, na siku ile nilikuwa peke yangu. Korali ikaanza kuimba. Baada ya muda Elikia aliacha watoto wenzake, akaja kukaa kwenye benchi yangu. Hakukaa karibu. Aliacha katikati yetu nafasi ya muntu mumoja, akaipangusa na kiganja, akaangalia mbele.

Sikusogea kuijaza.